Mwalimu Aliyekuwa Akienda Pangani

Kwetu Ihanja, mtu akikuahidi jambo nawe ukaona halitatimia, unamwambia hiyo ni safari ya Mwalimu. Fundi akisema mlango wako utakuwa tayari Jumamosi, safari ya Mwalimu. Kijana akitangaza kwamba mwaka huu lazima aoe, mama yake anaendelea kupepeta mtama na kusema, haya, safari ya Mwalimu. Wageni, hasa hawa wanaohamishiwa ofisi za serikali, huusikia msemo huo wakadhani ni wa mababu. Si wa mababu hata kidogo. Mwenye safari alikuwa jirani yangu, mlango wake ukitazamana na mashine yangu ya kukamua alizeti, na ukimhitaji ulimkuta nyumbani, maana huko alikokwenda hakuwahi kufika.

Alikokwenda ni Pangani. Huko alikuwa na binti, mtoto wake wa pekee, muuguzi, ambaye aliolewa hukohuko bila baba yake kukubali wala kuhudhuria. Tangu hapo hawakusemezana. Lakini kila mwaka, alizeti ikishavunwa na mtama ukishaingia ghalani, Mwalimu alivaa koti lake la kijivu, akaaga nyumba kwa nyumba kwamba anakwenda kumwona mwanawe, akasimama barabarani na mkoba wake akisubiri basi. Basi lilikuja, akapanda, tukampungia mikono. Na kila mwaka alirudi bila kufika.

Kuna mwaka aliishia Manyoni. Kuna mwaka alifika Dodoma, akashuka stendi, akanywa chai ya rangi, akapanda basi la kurudi. Mara moja alifika hadi Segera, pale njia panda ya kuingilia Tanga, na ushahidi wake ulikuwa machungwa aliyowagawia watoto wa mtaa mzima. Sababu hazikumwishia. Ng'ombe alikuwa mgonjwa, miwani aliisahau, Dodoma ilikuwa na joto lisilo la kawaida. Hakuna aliyembishia, kwa sababu alikuwa mzee na alikuwa ametufundisha sote kusoma.

Mimi nina tabia ambayo marehemu mama yangu aliichukia sana, ya kutotulia kama kuna jambo silielewi. Sasa hili la Mwalimu lilinikera kwa miaka. Mtu ampendaye mwanawe kiasi cha kupanda basi kila baada ya mavuno, huko njiani anakutana na nini kinachomrudisha? Nilimchunguza kama mtu anayetafuta tundu kwenye ndoo. Niliyoyaokota ndiyo haya.

Alikuwa mwalimu wa Kiswahili, na alikuwa mkali wa Kiswahili kupita watu wenye lugha yao. Nyumbani alisema Kinyaturu kama sisi sote, lakini akifika shuleni Kinyaturu kilibaki nje na baiskeli. Hata alipostaafu hakuacha. Ukiingia dukani ukasema "naomba nipe chumvi," naye yupo kwenye benchi, alikuuliza unaomba au unaamuru, uchague moja. Kanisani aliwahi kunyanyua mkono katikati ya matangazo ili kumrekebisha mzee wa kanisa. Na kwenye mazishi fulani, mwenyekiti aliposoma kwamba marehemu ameacha wajane mmoja, ilisikika sauti kutoka nyuma, ya upole lakini imefika kaburini: "Mjane." Waombolezaji waliuma pindo za kanga zao ili wasicheke, na mwenyekiti akarudia sentensi kama mwanafunzi.

Yeye mwenyewe, kurekebishwa hakukubali. Fundi baiskeli aliwahi kumwambia kwamba mnyororo ameufunga vibaya na hautamfikisha mbali. Mwalimu akamshukuru, akapanda hivyohivyo, akaelekea Ikungi. Jioni tulimwona anarudi kwa miguu anaikokota, akimsalimia kila mtu njiani kana kwamba ametoka matembezini. Kesho yake aliufunga mnyororo sawasawa, peke yake, nyuma ya nyumba. Ndivyo alivyokuwa, kosa alilikubali pale tu alipoligundua mwenyewe.

Halafu kuna habari ya bahari. Mtu huyu hakuwahi kuiona, na aliipenda kama mtu anavyompenda shangazi tajiri wa mbali. Darasani alitumiminia nanga na tanga na ngalawa na kina, sisi watoto wa wafugaji ambao maji makubwa tuliyoyajua ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Maksai wake wa kulimia aliwapa majina ya pepo za pwani, Kusi na Kaskazi. Kusi alikuwa mvivu, na ilikuwa kawaida msimu wa kilimo kumsikia Mwalimu shambani akipiga kelele kwamba Kusi amelala.

Mabasi yanayosimama barabarani yalikuwa maktaba yake. Alikwenda dirishani akawaamkia abiria, akauliza nani anatoka Tanga, au Bagamoyo, au hata Dar. Akimpata, aliuliza maswali ambayo abiria hakuyategemea. Maji ya bahari yana harufu gani? Usiku yanang'aa au yanakuwa meusi? Mawimbi yanatoa sauti gani ukiwa hujayaona bado? Kijana mmoja, huku anatafuna mahindi, alimjibu kwamba sauti yake ni kama upepo kwenye mtama uliokomaa. Jibu hilo lilimkaa. Tangu siku ile nilimwona mara kadhaa amesimama pembeni ya shamba la mtama, mikono nyuma, anasikiliza. Mimi nikipita sikumsemesha, nilisimama kidogo nami nikasikiliza, na niseme kweli, niliipenda.

Methali aliyoipenda kuliko zote ni maji yakijaa hupwa. Tulipokuwa darasa la nne alitutoa nje kwa mstari mpaka kwenye lambo. Ilikuwa kiangazi, maji yamebaki katikati kama uji chini ya sufuria, na pembeni matope yamepasuka. Akatuonyesha kwa fimbo. Pale juu, kwenye alama ile nyeupe, ndipo maji yalipokuwa wakati wa masika. Huko ndiko kujaa. Na sasa mnaona yalipo. Huku ndiko kupwa. Kwa hiyo mkiwa na shida, akasema, msihangaike nayo wakati wa masika. Ngojeni kiangazi.

Ihanja nzima iliishi kwa maelezo hayo, kwa sababu Ihanja nzima ilipita darasani kwake. Ndugu wakigombania mpaka wa shamba mvua zikinyesha, wazee waliwaambia maji yakijaa hupwa, wakaahirisha kikao hadi baada ya mavuno. Mke akirudi kwao mwezi wa pili, hakuna aliyemfuata kabla ya mwezi wa saba. Na si kwamba haikufanya kazi. Kiangazi watu wana chakula, wana nafasi, na hasira za masika zimeshapoa. Mimi mwenyewe niliporudi kutoka Nduguti, ndoa imenishinda na Neema yuko mgongoni, kaka yangu aliniambia hivyohivyo, nami nikangoja kiangazi nikaanza biashara.

Sasa kuhusu binti yake. Binti alipoletewa posa na watu wa Pangani mimi nilikuwa bado Nduguti, kwa hiyo nilichokijua ni cha kusimuliwa. Wageni walipokewa vizuri, wakala, wakaanza mazungumzo, kisha Mwalimu akasimama ghafla akasema katika nyumba hii hakuna binti wa kuozwa. Wageni wakaondoka. Siku ya pili binti naye akaondoka, akarudi kazini kwake Pangani, na baadaye tukasikia ameolewa, mjomba wake amesimama badala ya baba. Mama yake alikuwa amekwisha fariki, hivyo hapakuwa na wa kuwapatanisha.

Watu walisema ni dini, Mwalimu Mkristo na wakwe Waislamu. Mimi sikulikubali hilo hata siku moja. Rafiki yake mkubwa Mwalimu alikuwa muuza nyama wa pale kijijini, Mwislamu, na siku ya Idi ukitaka kumwona Mwalimu ungeenda kwa muuza nyama ukamkuta mbele kabisa, sinia la pilau liko kati yao. Krismasi muuza nyama alikuja kumchinjia, ili wote wale. Kaka zake mwenyewe wawili ni Waislamu. Mtu wa namna hiyo hamfukuzi mkwe kwa sababu ya dini. Nikimdodosa, alinitazama juu ya miwani akaniambia maji yakijaa hupwa, Mama Neema, nami nikajua kikao kimefungwa.

Mwaka jana nilinunua gari, pikapu iliyochoka lakini yenye moyo, na nikaamua kuyapeleka mafuta yangu ya alizeti mbali. Nilitaka kuipita pwani ya kaskazini yote, nianzie Tanga, nishuke Pangani, nivuke mto niende Saadani mpaka Bagamoyo, kila mji nitafute mwenye duka wa kumwachia madumu. Bahari nami sikuwahi kuiona. Nilipokuwa napanga madumu Mwalimu alikuja akaegemea mlango wa mashine, akaniuliza kama nitapita Pangani. Nikamwambia napita. Akasema atanisindikiza.

"Mwalimu, gari langu halirudi nyuma," nikamwambia.

"Gari lisilorudi nyuma ni bovu," akasema. "Lipeleke kwa fundi kwanza."

Asubuhi ya kuondoka majirani walijaa uani kama kwenye ubatizo. Mwalimu alikuja na koti lake la kijivu, kofia, mkoba, na tenga lenye kuku wawili wa kienyeji kwa ajili ya binti. Muuza nyama alimshika mkono akamwambia wataonana keshokutwa, watu wakacheka, na Mwalimu akacheka pia, huku akiifunga upya kamba ya tenga. Tukashika njia ya Singida mjini, Katesh, Babati. Alinisomea kila kibao cha barabarani na kukirekebisha. Nje ya Arusha kuku mmoja alijifungua kamba akaingia chini ya viti, tukasimama kumtafuta, na polisi wa barabarani aliyetufuata kwa nia nyingine akaishia kumshika yule kuku kwa ustadi mkubwa. Same tulilala nyumba ya wageni ambayo mhudumu alikataa katakata kuku kuingia, mpaka Mwalimu alipomsifu kwa Kiswahili chake kizuri. Hapo tukapewa stoo.

Siku ya pili, kadiri tulivyoikaribia Segera, maneno yalimpungua. Fungu la kwanza la machungwa lilipoonekana pembeni ya barabara akaniomba nisimame tununue. Nikamwambia machungwa yapo Muheza pia. Akasema ya hapa ndiyo matamu. Nikamwambia, Mwalimu, ya hapa umeshayala, na nikakanyaga mafuta. Alishika kitasa cha mlango mpaka tukaipita njia panda, nami nikajikuta najisikia vibaya kama mtu aliyempeleka mtoto kuchomwa sindano. Tukaingia Tanga giza limeshashuka, tukalala bila kuona maji.

Alfajiri tukaifuata barabara ya Pangani. Jua lilikuwa ndio linatoka tulipofika Kigombe, na pale, baina ya nyumba na minazi, nikaiona. Nilisimamisha gari bila kuambiwa. Maji yalikuwa yamekuja juu, karibu kabisa na mizizi ya minazi, mazito na ya kijani, na sauti yake ilikuwa kweli ya mtama uliokomaa. Mwalimu alishuka, akavua viatu, akakunja suruali, akaingia mpaka kwenye vifundo. Akachota kwa kiganja, akaonja, akatema. Akanusa kiganja. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, na mimi niliyekuwa na haraka ya maduka sikuwa na haraka tena.

Aliporudi alikaa kwenye benchi la mama mmoja muuza chai na chapati, akaniambia nimwache hapohapo. Nikauze mafuta yangu Pangani, nikimaliza nimpitie turudi. Nikamwambia sitarudi njia hiyo, nakwenda Bagamoyo, na kwamba kutoka hapa Pangani ni pua na mdomo. Akasema anajua. Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia, nikamuuliza waziwazi, kitu ambacho kwetu mtu hamuulizi mzee. Nikamwambia, shikamoo Mwalimu, nisamehe, lakini unamwogopa nani?

Alingoja chai iletwe. Kisha akanisimulia posa ile yote, akitazama maji.

Wageni walikula vizuri, kuku na ugali wa uwele, wakasifu. Mjomba wa bwana harusi, mzee wa makamo mwenye kofia nyeupe, aliongea kwa adabu. Mwalimu akasimama kujibu. Aliwaambia amewapenda, na binti atawapa, ila ilikuwa masika na hakutaka haraka. Maji yakijaa hupwa, hivyo warudi kiangazi wakamilishe. Yule mjomba akauliza kwa upole, kiangazi na kupwa vinahusianaje. Mwalimu akamweleza habari ya lambo, alama nyeupe na matope, kama alivyotueleza sisi. Mzee yule akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Akaangua kicheko, na wageni wote wakacheka naye.

"Hao ningewasamehe," Mwalimu akasema. "Lakini binti yangu alikuwa chumba cha ndani na shangazi zake, na yeye akacheka. Kicheko chake nakijua tangu hana meno."

Akazungusha kikombe mkononi.

"Unajua kinachoniuma, Mama Neema? Sikujua nimekosea nini. Mpaka leo sijui. Kamusi nimeiangalia mpaka kurasa zimechanika. Inasema kupwa ni maji kupungua. Sasa lambo si linapungua? Na nitamuuliza nani, na mimi ndiye mwalimu? Nikifika mlangoni kwao nikafungua mdomo, nitakosea tena, na sitajua wapi."

Na mimi sikujua. Nilikuwa mwanafunzi wake. Nilirudia kichwani maneno yote, maji, kujaa, kupwa, lambo, nikayaona yako sawasawa. Nilichokifahamu ni kwamba mzee huyu alikuwa amepoteza mwanawe kwa ajili ya swali la Kiswahili, na moyo ukaniuma sana kwa ajili yake. Nikaagiza chapati nyingine. Tukala polepole, kuku wakipiga kelele ndani ya gari, na jua likapanda.

Mimi ndiye niliyeshtuka kwanza. Nilinyanyua macho, nikaona mchanga. Mahali Mwalimu alipokuwa amesimama maji ya vifundo palikuwa pakavu, na mbele yake mchanga, na mbele tena mawe meusi yenye majani, na wanawake wenye vikapu walikuwa wanatembea mbali huko ambako asubuhi palikuwa baharini. Nikamgusa Mwalimu bega. Akatazama, akasimama, benchi likaanguka nyuma yake.

"Mama," akamwita muuza chai. "Yale maji yamekwenda wapi?"

"Yametoka, babu," yule mama akasema, anageuza chapati. "Leo bamvua, yatoka mbali."

Neno lile Mwalimu alilijua. Alitufundisha, bamvua, maji makuu, na tukaliandika bila kuuliza. "Na yatarudi lini?"

"Jioni."

"Jioni ya lini?"

Yule mama akaacha chapati. Akatutazama mmoja mmoja, viatu vyetu vya vumbi jekundu, koti la kijivu kwenye joto lile. "Jioni ya leo, babu. Yajaa, yapwa, yajaa, yapwa. Kila siku ya Mungu. Kwani nyie mwatoka wapi?"

Mwalimu akamwambia tunatoka Singida. Halafu, kwa sauti ya mwanafunzi anayesimama kujibu bila uhakika, akamweleza kwamba kwao maji hujaa masika na kupwa kiangazi. Yule mama akafunika mdomo kwa kanga. Alijitahidi sana, Mungu anamwona, lakini kicheko kilimshinda, akacheka mpaka machozi, akashika meza. Mimi nikamtazama Mwalimu kwa hofu. Alikuwa amesimama wima, taya zimekaza, na nikafikiri sasa atapanda gari na kuniambia nigeuze.

"Nikuulize, mama," akasema. "Kwenu hapa, mgeni akisema kama nilivyosema, mnamcheka?"

"Twamcheka, babu, tutafanyaje?" yule mama akajibu, anajifuta macho. "Kisha twamwongeza chai." Na akammiminia.

Mwalimu akakishika kikombe, hakukinywa. Alitazama mchanga ule ulipokuwa bahari, akatazama wanawake na vikapu vyao. Uso wake ulianza kulegea kidogo kidogo kuanzia kwenye macho, na kitu kilichotoka mwisho kilikuwa kicheko, chembamba, cha mtu ambaye hajakitumia siku nyingi. Akacheka mpaka akakaa chini mchangani. Akasema siku hiyohiyo, Mama Neema, siku hiyohiyo, na mimi nimewangojesha watu miezi. Kisha kicheko kikageuka kikawa kingine, akafunika uso kwa mikono, na yule muuza chai, ambaye hakujua lolote, akaja akakaa naye chini.

Alipoinuka aliosha uso, akavaa viatu. Akaniambia twende.

Pangani haikuwa kazi kumpata. Tuliuliza nesi wa bara, wakatuelekeza nyumba nyeupe yenye baraza, upande huu wa mto, karibu na njia ya kwenda kivukoni. Nilisimamisha gari barabarani. Mwalimu alishuka peke yake, bila mkoba, bila kuku. Alisimama chini, ukingoni mwa baraza, akapiga hodi, na sauti ya ndani ikasema karibu kabla ya kujua inamkaribisha nani.

Akatoka, kanga kichwani, mikono ina unga. Alikuwa amenenepa kidogo na amefanana na baba yake kuliko nilivyomkumbuka. Akamwona. Akaganda palepale mlangoni. Nilingoja aseme shikamoo, kwa sababu mtoto wa kwetu, hata awe na hasira gani, shikamoo humtoka yenyewe. Haikumtoka. Midomo ilikuwa imebana na alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Nikaona kwamba hiyo ndiyo hukumu, na kwamba anayo haki nayo.

Binti huyu alirithi jina la mama mzazi wa Mwalimu. Kwetu mtoto wa namna hiyo baba yake humwita mama, na akiwa mdogo wanataniana, baba anamwamkia mtoto, na mtoto anaitikia kwa sauti nzito ya bibi. Mwalimu na mwanawe walikuwa na mchezo huo, tulikuwa tunausikia jioni akirudi shuleni na baiskeli. Mchezo huo huachwa mtoto akikua. Mbele za watu, mzee mzima hamwamkii mwanawe.

Mwalimu alivua kofia. Akapiga goti moja kwenye mchanga wa uani, kwa shida, akishika ukingo wa baraza, na majirani wawili waliokuwa wakipita wakasimama kutazama.

"Shikamoo, mama," akasema.

Binti akakunja uso kama mtoto anayejizuia kulia. Unga ulikuwa unamdondoka vidoleni. Nilidhani atageuka aingie ndani, na mkono wangu ulikuwa tayari kwenye mlango wa gari ili nimfuate mzee nimwinue.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kwa sauti nzito iliyomkatikia katikati. "Ulikuwa wapi siku zote hizi?"